Gari lililoundwa usiku: barua kwa binti yangu aliye VETA

Charlotte, North Carolina
28 Mei 2025

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, mama yako na bibi yako. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Uniwie radhi kwa kukujibu kwa maandishi badala ya simu, kwani swali ulilonitumia wiki iliyopita linahitaji nafasi. Umeniambia kwamba wenzako wa darasa la ufundi wa magari pale chuo cha VETA Chang'ombe walibishana hadi mlinzi akawafukuza karakana: katika mashindano ya magari, anayeshinda ni dereva au ni gari? Tena mmoja wao akasema kwamba mashindano ya Wamarekani si kitu, kwa sababu magari yanazunguka mahali pamoja kama ngamia wa kinu cha mafuta. Nisingalikwenda uwanjani kujionea mwenyewe, huenda ningalimkubalia. Lakini Jumamosi na Jumapili iliyopita nilikwenda, kwa tiketi niliyopewa na fundi mwenzangu wa gereji yetu ya malori, na tangu nirudi sijaacha kukuwaza wewe na wenzako.

Uwanja unaitwa Charlotte Motor Speedway, nao uko Concord, kaskazini mwa jiji. Ni barabara ya lami yenye umbo la yai, urefu wake kilomita 2.4, na kwenye kona imeinuliwa kwa nyuzi 24 ili gari lisitupwe nje. Mashindano ya Jumapili, yanayoitwa Coca-Cola 600, hufanyika humo kila mwaka tangu 1960, na ni mizunguko 400, yaani maili 600, ambazo kwa vipimo vyetu ni karibu kilomita 966. Pima mwenyewe: ni kutoka Dar es Salaam kufika Mbeya na kupitiliza hadi kwenye mpaka wa Tunduma, kwa mwendo unaokaribia kilomita 290 kwa saa magari yanaposhika kasi, huku umezungukwa na magari mengine 39. Mzunguko mmoja humalizika kwa takriban sekunde 30. Sisi tuliozoea habari za Safari Rally, ambako kila gari huondoka kwa zamu yake na kushindana na saa, tunaona ajabu kwamba hapa wote huachiwa kwa pamoja na kukimbia bega kwa bega.

Mchezo huu una asili ya gereji, na jambo hilo lilinifurahisha. Katika milima ya kusini mwa Marekani, vijana waliokuwa wakisafirisha gongo usiku waliyaimarisha magari yao ya kawaida ili yawashinde polisi kwa mbio, na wengi wao wakaanza kupimana ubavu viwanjani siku za mapumziko. Chama kinachosimamia mashindano hayo, NASCAR, kilisajiliwa mwaka 1948. Magari ya leo yana sura tu ya yale yanayouzwa dukani; ndani yake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kiti kimoja, na injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi zipatazo 670. Jambo ambalo wenzako wanapaswa kulijua kabla ya kuendelea kubishana ni hili: tangu 2022 timu zote hununua chasisi, giaboksi, bodi na sehemu kubwa ya spea kutoka kwa watengenezaji wale wale walioteuliwa. Huwezi tena kushinda kwa kuwa una spea ambayo mwenzako hana. Tofauti iliyobaki ni namna mafundi wanavyolipanga gari, na masikio ya mtu anayewasikiliza dereva na gari kwa wakati mmoja.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya mazoezi, na baada ya hapo kila dereva angekimbia peke yake dhidi ya saa ili kupangiwa nafasi ya kuanzia. Nilikuwa nimekaa jukwaani, sijazoea hata mlio wenyewe, ambao unaupokea kifuani kabla haujafika masikioni. Ndipo gari namba 1 la Ross Chastain, la timu ya Trackhouse, likapata pancha katikati ya mwendo na kubamizwa ukutani. Niliinuka nikidhani nimeona kifo cha mtu. Dereva alitoka mzima. Wenyeji walinieleza kwamba tangu bingwa Dale Earnhardt, mzaliwa wa Kannapolis hapo jirani, alipofariki katika mzunguko wa mwisho wa mashindano ya Daytona mwezi Februari 2001, kila dereva amelazimishwa kufunga kifaa kinachozuia shingo isichomoke kichwa kinaporushwa mbele, na kuta za viwanja zimewekewa tabaka la chuma na povu linalobonyea. Katika mashindano ya ngazi ile ya juu kabisa ya NASCAR hajafa dereva mwingine tangu siku hiyo. Mama yako, ambaye huwa haishi kuniuliza kama kazi za magari ni salama kwako, nawe umsomee aya hii polepole.

Lakini gari lenyewe lilikuwa limekwisha. Kwa kuwa halikuweza kupimwa dhidi ya saa, na kwa kuwa timu ingelazimika kutumia gari la akiba, Chastain alipangiwa kuanza wa 40, yaani nyuma ya wote. Watu walianza kuondoka kwenda kula. Mimi macho yangu yalibaki kwa wale mafundi. Nilijua kinachowangoja, kwa maana gari la akiba haliji limekamilika kama gari la kwanza. Kila kitu kinapaswa kufungwa, kupimwa na kulinganishwa upya, urefu wa kila springi, uzito unaoangukia kila gurudumu, pembe ya kila tairi. Kazi hiyo waliifanya usiku, watu wengine wamelala. Nimewahi kukesha namna hiyo gereji, pale mtaa wa Gerezani, Dar, enzi wewe ukiwa mdogo, tukiunda upya giaboksi ya lori lililotakiwa kuondoka alfajiri kwenda Kigoma, na najua ile saa ya usiku ambapo mkono unaanza kudanganya na nati unayoamini umeikaza kumbe hujaikaza. Mafundi wa gari namba 1 hawakuiacha hata nati moja ya namna hiyo. Nalisema hili kwa sababu ya yaliyotokea kesho yake.

Mashindano yalianza Jumapili kwenye saa kumi na mbili jioni, jua likiwaka bado, na yakaisha usiku mkubwa, zaidi ya saa nne baadaye. Hapo ndipo penye ugumu wa mashindano haya kuliko mengine, na ndipo ninapotaka usome kama fundi. Magari hukata kona kushoto tu, kwa hiyo uzito hutupiwa upande wa kulia kutwa nzima, na matairi ya kulia ndiyo yanayoteseka. Kwa sababu hiyo hayajazwi upepo sawa. Ya kulia hupewa mwingi, ya kushoto hupewa kidogo. Sasa tazama: lami yenye joto huteleza, na lami iliyopoa hushika. Jua linapotua, gari lililokuwa likiutii usukani vizuri saa moja iliyopita huanza kukataa kukata kona, pua yake ikitafuta ukuta. Fundi mkuu anayelipanga gari lake liwe tamu jioni ataongoza jioni, halafu usiku litamgeuka. Anayelipanga kwa ajili ya usiku peke yake ataachwa mbali kabla usiku haujaingia. Inambidi ajue tangu saa kumi na mbili gari litahitaji nini saa nne, na alisogeze kidogo kidogo kila linapoingia kuhudumiwa.

Jirani yangu jukwaani alikuwa na redio ndogo ambayo mashabiki huitumia kuwasikiliza madereva wakizungumza na mafundi wao, akaniazima kwa muda. Binti yangu, nilijiona nimerudi gereji! Dereva anasema mkia unataka kumpita akikanyaga mafuta katikati ya kona. Fundi anamuuliza ni katika kona zipi, ni mwanzoni au mwishoni, ni tangu matairi mapya au baada ya mizunguko kumi. Ni yale yale ya mteja anayekuja na kusema gari linagonga, nawe usipomuuliza linagonga likiwa baridi au likipata moto, barabara mbovu au lami, utafungua injini nzima bure. Baada ya mazungumzo hayo gari linaingia piti, yaani kando ya uwanja linakohudumiwa. Watu watano wanaruka ukuta: mwenye jeki, wafunguaji wawili wa magurudumu, mbebaji wa matairi, na mjazaji wa mafuta. Siku hizi kila gurudumu lina nati moja kubwa ya katikati badala ya tano. Matairi manne na mafuta, sekunde kama kumi, na gari limeondoka. Pengine mmoja wao huingiza spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma na kuizungusha mara moja tu, kubadilisha mkazo wa springi, na gari lililokuwa likilalamika linanyamaza.

Wengi wa watu wa piti walikuwa wanamichezo wa vyuo vikuu kabla ya kufundishwa kazi hii. Mmoja wa waliopita njia hiyo ni Brehanna Daniels, aliyecheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Norfolk State, na ambaye mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kubadilisha matairi katika mashindano ya kitaifa ya NASCAR. Ulipoingia darasani mwaka jana ukaniandikia kwamba mko wasichana wawili tu, na kwamba kuna mtu alikuuliza kama umepotea njia ya kwenda darasa la ushonaji, sikuwa na jibu zuri la kukupa. Sasa ninalo jina hilo, nalo nakupa.

Nakupa na la pili. Wendell Scott, wa Danville katika jimbo la Virginia, aliendesha teksi, akawa fundi, akajenga na kutengeneza magari yake ya mashindano kwa mikono yake, akisaidiwa na wanawe, katika miaka ambayo mtu mweusi hakukaribishwa viwanjani. Tarehe 1 Desemba 1963 alishinda mashindano Jacksonville, Florida. Aliyetangazwa mshindi na kupewa kikombe akawa dereva mwingine, mzungu. Saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kwenda zao, ndipo ilipokubaliwa kwamba ushindi ni wa Scott. Alifariki mwaka 1990. NASCAR haikuikabidhi familia yake kikombe hadi 2021. Picha yake iko katika jumba la mashujaa wa mchezo huu hapa mjini Charlotte, alikoingizwa mwaka 2015, na nilipokwenda kulitazama nilikaa mbele yake muda mrefu, kwa sababu mikono ile ilikuwa ya fundi kabla ya kuwa ya dereva. Kwa mtu kama huyo, swali la wenzako halina maana hata kidogo.

Katikati ya mashindano, baada ya mizunguko 200, magari yote yaliingizwa piti na injini zikazimwa. Wiki hiyo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa vitani, na juu ya kioo cha mbele cha kila gari huandikwa jina la askari mmoja. Baada ya saa mbili za mlio ule, maelfu ya watu walisimama kimya kabisa. Nilimwona mzee mmoja safu ya mbele yangu ameshika kofia kifuani na midomo yake ikitamka jina. Halafu injini zikawashwa tena.

Usiku ulipoingia, mtu aliyekuwa akitawala ni William Byron, mzaliwa wa hapa hapa Charlotte. Mashindano haya hugawanywa katika vipande vinne vya mizunguko 100. Byron alishinda vipande vitatu vya kwanza, na kwa jumla aliongoza mizunguko 283. Wakati wote huo gari namba 1 lilikuwa likipanda, nafasi moja, nafasi mbili, bila kelele. Fundi mkuu wake, Phil Surgen, na vijana waliokesha wakilifunga walikuwa wamelipatia. Usiku ulivyozidi kupoa ndivyo lilivyozidi kukubali. Ikiwa imebaki mizunguko 6, Chastain akampita Byron na kumaliza wa kwanza. Katika historia yote ya mashindano hayo hapakuwa na aliyeanza wa mwisho akashinda. Yeye ametoka katika ukoo wa wakulima wa matikiti maji kule Florida, na kwa desturi yake akapanda juu ya gari na kulipasua tikiti maji kwenye lami, watu wakipiga kelele. Mimi nilikuwa nikiwatafuta kwa macho mafundi wake. Walikuwa wanakumbatiana kando ya ukuta, na mmoja wao alikuwa ameketi chini kabisa, kama mtu aliyeishiwa na nguvu za kusimama.

Waambie wenzako kwamba mimi nilimwona dereva akimpita mwenzake kwa sekunde chache, na kwamba sekunde hizo zilianza kutengenezwa Jumamosi usiku.

Kuna ndugu yetu anayesafiri kuja Dar mwezi ujao, nami nimempa kifurushi chako. Ndani yake utakuta kipimo cha upepo wa matairi, kilicho sahihi kuliko vile vya mezani mwenu. Nenda kwa mjomba wako pale Mbagala alfajiri, kabla daladala yake haijaondoka, upime matairi yote na kuandika. Kisha uyapime tena mchana mara tu inaporudi, kabla hayajapoa, upande wa jua na upande wa kivuli kila mmoja peke yake. Fanya hivyo kwa siku saba, usipunguze upepo wa tairi lolote lililopata moto, halafu nitumie daftari lote.

Msalimie mama yako na bibi.

Ni mimi baba yako.