Milio ya baruti baharini ihesabiwe

Ndugu Mhariri, mi nimekulia Kigamboni na baruti za wavuvi haramu wanaolipua samaki tumezisikia tangu utotoni, ukiwa umezamia mlio unakupiga kifuani kwanza ndo masikio yafuate. Sasa kumbe zinahesabika kabisa! Mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani ya Tanzania kwa boti siku 31 wakiburuta maikrofoni za majini, wakanasa milipuko 318 na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar, yaani hapa hapa kwetu. Majini sauti inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, mpiga bomu atakimbia na ngalawa yake lakini mlio wake hauna pa kujificha. Halafu mwamba wa matumbawe ulio hai nao una kelele zake, zile tatata kama mafuta kikaangoni ni kamba wadogo wanafyatua gando, mwamba ukishapondwa kelele hizo zinapungua na mwanasayansi anaona kwenye rekodi. Naomba sana serikali na vyuo vyetu waweke vinasa sauti vya kudumu kuanzia Tanga mpaka Mtwara, vikae chini mwaka mzima, doria haiwezi kuwa kila mahali, na hesabu za milipuko zitoke gazetini kila mwezi tuzisome.

Msomaji wenu,
Kigamboni