Barua ya wazi kwa vijana wa tabianchi: bamvua limepita na miche yenu

Wajukuu zangu,

Marahaba. Naitikia kabla, maana siku ile mlipanda boti kurudi Nyamisati bila hata mmoja kukumbuka kuniamkia. Si neno. Jua la Delta ya Rufiji halina adabu kwa mgeni, na mlikuwa mmechoka.

Ninawaandikia kwa sababu bamvua, yale maji makubwa ya bahari, limepita. Siku mliyokuja yalikuwa maji mafu, bahari imelala, mkauona ule mchanga mlangoni mwa mto mkadhani ni shamba. Mkachomeka mbegu za mkoko kwa mistari kama mahindi, mkapiga picha na fulana zenu za kijani, mkasoma tamko, mkaondoka. Siku ya nane nilikwenda kutazama na mtumbwi. Nimekuta moja. Imechomekwa kichwa chini, ncha ya mzizi inatazama mbinguni. Nadhani hata mawimbi yaliionea haya.

Hapo mlipopanda, mkoko haujapata kuota tangu nizaliwe. Miti ya mikoko ina aina nyingi, na anayesimama mbele kupokea mawimbi ni mlilana. Nyuma yake, kwenye tope laini, ndipo mkoko unapokaa, kisha muia na mkandaa, na mchu utauona hata huko juu penye chumvi kavu. Tena mara nyingi hakuna haja ya kupanda. Acheni kukata, acheni maji yaingie na kutoka, mbegu zitadondoka na kujipanda zenyewe. Mtoto yeyote wa hapa anayekwenda kuokota kaa angewaambia. Hamkumuuliza.

Mimi si malaika. Ujana wangu niliumaliza nikikata boriti. Tulizipakia kwenye majahazi, nyingine zikaenda hadi Uarabuni kuezekea nyumba za watu. Mgongo huu uliopinda umepindwa na hiyo kazi. Ndiyo maana nikiona kijana ameingia topeni na viatu vyeupe nacheka, halafu moyo unaniuma.

Tamko lenu nililisikiliza mpaka mwisho. Mliwadai wakubwa wa dunia, na ni haki yenu kudai. Kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 yalikubaliwa mambo ya mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, na mataifa ya visiwa vidogo yalikuwa yameanza kulilia jambo hilo tangu 1991. Miaka 31 ya kelele! Basi pigeni kelele.

Lakini nilipowauliza mkutano mkuu wa kijiji chenu, au wa mtaa wenu kwa mnaokaa mjini, ulikuwa lini mara ya mwisho, mlitazamana. Mmoja akasema, "Babu, hiyo ni siasa." Siasa! Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hukai kwa kualikwa, wala hulipiwi nauli na mfadhili. Kila miezi mitatu mnatakiwa kusomewa mapato na matumizi. Mnaijua mikutano ya tabianchi ya Dubai na Baku kwa namba zake, huu wa chini ya mwembe hamuujui.

Niwape kisa, na mimi nimo. Mwaka mmoja lilikuja suala la kufyeka kipande cha mikoko tulime mpunga. Msitu huu ni hifadhi ya serikali, kila mtu alijua, kwa hiyo tulikuwa tunakubaliana kufumbiana macho. Tulikaa wazee kama arobaini. Vijana walikuwa kibandani wanaangalia mpira, goli likiingia tunasikia makelele. Mwenyekiti akasema anayeafiki anyooshe mkono. Nilinyoosha. Mpunga tulivuna misimu michache, halafu magugu na chumvi vikatushinda. Kipande kile mpaka leo ni kipara. Laiti angesimama kijana mmoja tu akauliza, "Kaa na kamba watazaliana wapi?" Wengi wetu tungeona aibu. Hakusimama mtu, na mwaka uliofuata vijana walewale walilalamika kamba wamepungua.

Sasa wanakuja madalali wa kaboni, wanaotaka kijiji kilipwe kwa kutunza msitu unaofyonza hewa ya ukaa. Kanuni za biashara hiyo zipo tangu 2022, na si jambo baya lenyewe: wenzetu wa Gazi, kule Kwale, Kenya, wanatunza hekta 117 za mikoko, na fedha ya kaboni imewaletea maji na vitabu vya shule. Lakini pale wananchi hukaa wakaamua fedha iende wapi. Mkataba ukija kijijini, nani atausoma? Mimi macho yameisha. Nyinyi mmesoma. Ulizeni ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata ngapi katika kila mia, na mwanamke anayeokota kuni leo ataokota wapi kesho.

Mengine nayataja tu. Andikeni mvua inaponyesha, siku na kiasi. Msiwatishe watoto kwamba dunia inaisha. Mama zenu wanunulieni mtungi wa gesi kabla ya kuhubiri nishati safi kwa jirani.

Na nyinyi mnaowaleta hawa watoto kwa mabasi: mnahesabu miche iliyopandwa, iliyopona haihesabu mtu. Taarifa inaandikwa, posho inalipwa, bahari inasafisha. Hata sisi wazee tumezoea, tunasaini mahudhurio tukijua mchanga ule hauoteshi kitu.

Yuko binti mmoja aliyebaki nyuma siku ile. Alivua viatu, akaniuliza kwa nini mizizi ya mchu inachomoza juu ya tope. Nikamwambia inavuta pumzi. Akainama akaigusa kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa utosi wa mtoto mchanga. Binti, kama unasoma hii, njoo na wenzako maji yakiwa mafu tena. Lete vijana watano, hamsini wa nini. Kuna mfereji umezibwa na mchanga kule kwenye kipara, maji hayaingii, na mimi peke yangu siwezi kuuzibua. Chepe zipo nne. Za ziada mje nazo.

Babu yenu wa Delta