Barua kwa vijana wangu mnaokwenda Morogoro kwa baiskeli Jumamosi

Wanangu, salamu zenu nimezipata ila leo sina raha kabisa. Jana jioni nimeona picha za wenzenu wawili wako Bagamoyo wanashangilia kilomita 130 kwenda na kurudi, na safari ni Jumamosi! Siku nne zimebaki jamani, Bagamoyo mmefuata nini?

Nguvu za Jumamosi zilitafutwa miezi mitatu iliyopita, kama hukuzipata basi huzipati wiki hii, unazimwaga tu hata hizo kidogo ulizonazo. Mwaka juzi kijana mmoja, mkanyagaji hodari, Alhamisi alipiga hiyohiyo Bagamoyo, Ijumaa usiku akafunga kiti kipya. Mpaka Chalinze yuko mbele yetu wote. Tukaja kumkuta karibu na Mikese amekaa chini ya mwembe, paja linarukaruka lenyewe, ukiligusa gumu kama jiwe, na huku nyuma amechubuka hata kukaa anakaa upande, analia. Zimebaki kilomita kama 30 tu! Nilimsugua miguu yule mtoto huku nina hasira na huruma vyote pamoja, na kilichoniuma zaidi wenzake walishampita wakamwambia kaza.

Kwa hiyo wiki hii dakika 40 polepole, inatosha. Kiti kilekile, viatu vilevile, chakula ulichozoea. Cheni na breki kwa fundi leo, sio Ijumaa. Tyubu mbili, pampu, spana. Wali na viazi mle vizuri kuanzia Alhamisi, pombe hapana. Usiku wa Ijumaa usingizi unaweza usije, msiogope, laleni sana Alhamisi.

Halafu hii barabara inanichoma moyo. Malori ya Zambia na Kongo yanapita hapohapo, dereva anakupigia honi uingie porini kama vile mwenye baiskeli ni mtu aliyekosa nauli, na hata majumbani tunaulizwa hivyohivyo. Watu wangapi nchi hii wanakanyaga kwenda shamba, sokoni, shule, halafu barabara inajengwa kama hawapo! Basi taa nyuma, nguo ya kung'aa, na mstari mmoja, nawaomba sana wanangu, mama zenu wanawasubiri.

Mimi nitakuwa Chalinze na ndoo ya uji, maji, chumvi na ndimu. Nitawahesabu mmoja mmoja, na atakayefika bila mwenzake nitamrudisha akamfuate.