Koo la mtoto

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Hujambo? Na wa nyumbani hawajambo? Sisi tu wazima.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema mtoto ana mafindofindo tena, mara ya tatu tangu mfungo uishe, na unamsukutuza maji ya chumvi. Nakuomba kesho asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, umpeleke zahanati.

Hujawahi kuniuliza maradhi yangu ya moyo yalianzaje, nami sikukueleza. Yalianzia kooni. Nilikuwa na miaka 9. Koo liliuma, likapoa lenyewe. Wiki tatu baadaye goti likavimba. Likatulia, maumivu yakahamia kiwiko. Bibi akanichua kwa mafuta ya nyonyo, akasema ni baridi ya usiku. Kumbe ile kinga iliyopigana na vijidudu vya kooni ilikuwa imeugeukia moyo wangu. Hakuna aliyejua. Hadi nafika chuo cha ualimu, ngazi kumi zilinitoa pumzi na usiku nililala nimeegemea mito mitatu. Vali ya mitrali, kilango kimoja cha moyo kinachopitisha damu, ilikuwa imekakamaa.

Upasuaji wa kuniwekea vali ya bandia unaujua, ulikuja kunitazama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mwaka 2016, taasisi ikiwa na mwaka mmoja tu. Siku zile baba hakuacha kusimulia wagonjwa aliowajua waliongoja zamu ya kupelekwa India.

Ila watu huniuliza upasuaji tu. Baada ya pale kuna kila mwezi, somo. Kila wiki ya nne nachomwa penisilini zahanati ya mtaani, kuzuia vijidudu vile vya kooni visinirudie, sindano nzito, narudi nachechemea. Kwa kuwa natumia warfarini damu yangu haigandi upesi, basi muuguzi hukaa nami akikandamiza pamba muda mrefu, huku akinipa habari za mihogo yake. Halafu hospitali ya mkoa kupima INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Vali yangu inataka iwe kati ya 2.5 na 3.5: ikishuka damu yaweza kuganda kwenye vali, ikipanda naweza kuvuja damu. Na kisamvu sijaacha! Nakula kiasi kilekile kila wiki, maana majani ya kijani hupunguza nguvu ya dawa ukiyala leo sahani, kesho hakuna.

Kule kwenye taasisi, kitanda cha jirani yangu alilala dada muuza maandazi. Mimi mwalimu, bima inakatwa kwenye mshahara. Yeye hakuwa na kadi. Mtu wa ustawi wa jamii alikaa naye karibu asubuhi nzima wakijaza fomu za msamaha wa gharama. Tulipasuliwa wiki ileile. Ilipopita Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, niliyemkumbuka kwanza ni yeye. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema hospitali za serikali ni za wasio na pa kwenda, moyo huu huu unaniuma. Si kwamba mambo yote ni mazuri. Kuna mwezi penisilini iliisha, nikazunguka maduka ya dawa na bajaji hadi jioni, nimejaa hofu. Nilikwenda kuisema kwenye kamati ya afya ya kijiji cha jirani na ya kwetu, nikaomba dawa ile isikosekane tena, kwa sababu wapo watoto wanaoitegemea kuliko mimi.

Mkifika, mwambie daktari ni mara ya tatu. Mwambie pia kama kuna kiungo kilimuuma au kuvimba, hata kama kilipoa. Akiandikiwa dawa za siku 10 azimalize zote, hata koo likipoa siku ya tatu. Hapo ndipo mama wengi huacha.

Unakumbuka alivyolala kifuani pangu Idi iliyopita? Alisikia vali ikigonga, tik, tik, akaanza kunipapasa mkono akitafuta saa.

Niandikie mkitoka zahanati, hata kama ni neno moja.

Wako,
Somo