Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: wazee wetu walipanga foleni ya sukari ila kiwanja walipata

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Mi ni mwalimu wa shule binafsi, nina miaka 32, nimepanga chumba na sebule, na barua hii naiandika mana Jumapili iliyopita tumebishana na baba yangu mzazi mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kutuamulia.

Baba anasema vijana wa siku hizi tunadeka. Anasema tuna hela kuliko wao, tuna simu, tunakula chipsi, tunapanda bajaji hata kwa safari ya kwenda Sabasaba, na yeye akiwa na umri wangu alikuwa ameshaezeka. Mi nikamwambia baba nyie mlirahisishiwa. Hapo ndo aliponuna kabisa, na nilipotulia nikaona nilikosea kusema vile, mana hakuna aliyemrahisishia maisha yule mzee. Ameanza kazi ya udereva serikalini 1979, vita ya Uganda ndo inaisha, alafu ikaja ile miaka ya kupanga foleni ya sukari, sabuni hakuna, mama anasimulia walivyofulia majani ya mipapai, wakala unga wa njano wa msaada na wakashukuru. Miaka ile ya 80 mfumuko wa bei ulikuwa unazunguka asilimia 30, yani mshahara ukiupata mwezi wa kwanza ukifika mwezi wa sita hauutambui. Sasa hivi tunaambiwa ni kama asilimia 3 na ni kweli dukani bidhaa zimejaa, sabuni unachagua mpaka harufu. Kwa hiyo kwenye habari ya kula na kuvaa baba ameshinda ubishi, nampa haki yake.

Ila Mheshimiwa, baba 1986 alipata kiwanja Nkuhungu. Dereva. Hakuwa bosi wala hakuwa na mjomba ofisini, aliomba kama watumishi wenzake walivyoomba, akapimiwa, akawa analipia taratibu huku anaishi kwenye kota ya kazini ambayo kodi yake ilikuwa haimuumizi. Enzi hizo Dodoma ilikuwa imeshatangazwa makao makuu tangu 1973, CDA, yani ile mamlaka ya kuustawisha mji, ipo, lakini watu wenyewe walikuwa hawaitaki, mtu akihamishiwa huku analia, wanasema vumbi, jua kali, maji ya shida. Ardhi ilikuwepo na wa kuigombania walikuwa wachache. Akaanza na msingi, akakaa miaka, akapandisha ukuta, akakaa tena, watoto wanne tukasomeshwa katikati ya matofali. Hati yake ilikuwa ya miaka 33 hivyo ingeisha 2019, na ilimnyima usingizi kweli, mpaka CDA ilipovunjwa mwaka 2017 na watu wakaambiwa hati zitakuwa za miaka 99, siku hiyo alinunua soda za nyumba nzima.

Na sio kiwanja tu. Benki ya Nyumba ilikuwepo kabla haijafa 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikawauzia watumishi wake nyumba walizokuwa wanakaa, wakalipa kwa awamu, baba hakupata lakini rafiki zake wawili walipata na mpaka leo wanakula kodi zake. Alipostaafu 2014 alichukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo, akajenga fremu tatu mbele ya nyumba, na fremu hizo ndo zinamlisha leo kuliko hata pensheni yenyewe. Waliokuja kustaafu baada ya Julai 2022 walikuta mkupuo ni asilimia 33, ikapigiwa kelele mpaka ikapandishwa kuwa 40 kwa watumishi wa umma. Yani ngazi ile ile aliyopandia baba imekatwa vipandio kimoja kimoja, alafu tunaulizwa mbona hatupandi.

Sasa nikueleze yangu, na nitakutajia hela yenyewe mana naona tukiongea maisha magumu maisha magumu bila namba hatuelewani. Nilimaliza chuo 2017, ajira za serikali zilikuwa zimesitishwa tangu mwaka uliotangulia wakihakiki vyeti na watumishi hewa, wenzangu wengi wa ualimu tulikaa mtaani miaka. Leo shule ninayofundisha wananilipa laki tatu na nusu. Hapo elfu 35 inaenda mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 15 ya bodi ya mikopo ni elfu 52 na mia tano, kodi ya mshahara kidogo, mkononi inafika laki mbili na hamsini na kitu. Baba hakuwahi kudaiwa shilingi kwa kusomeshwa, chuo chake cha ufundi alilala bure akala bure. Silalamiki kulipa mkopo, nilikopa na wadogo zangu nao wanaohitaji kukopa wasome, ila tuhesabu vyote tunapolinganisha.

Chumba na sebule nalipa elfu 90. Kwa mwezi ukiisikia unasema mbona sio mbaya. Tatizo mwenye nyumba hataki ya mwezi, anataka miezi sita kwa mkupuo, laki tano na arobaini, na ukichelewa wiki mbili anakuja na dalali kuonyesha watu chumba na wewe umo ndani unapika. Hela hiyo siwezi kuwa nayo kwa wakati mmoja kwa mshahara ule, kwa hiyo kila miezi sita nakopa kikoba, naanza kulipa kikoba na riba yake, nikimaliza tu miezi sita mingine imefika. Miaka saba sasa. Wenzangu walioko nje ya vikoba wanaingia kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na huko wanabebewa mpaka magodoro. Nikipata akiba inaondoka na kodi, nikikosa akiba naondoka mimi. Baba ananiuliza huwa nashindwaje kuweka hata elfu 50 ya tofali na nikimwambia kodi ananishangaa, na kweli anashangaa, mana yeye hajawahi kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo maishani mwake.

Mwaka juzi nilitafutiwa kiwanja Nala, mita za mraba 500, milioni sita, na muuzaji anataka yote ndani ya mwezi mmoja. Nikapiga hesabu nikaacha hata kupiga hesabu. Tangu Julai 2016 ilipotangazwa serikali inahamia huku kweli kweli, na mawizara yakaja, na mji ukawa jiji 2018, na treni ya mwendokasi nayo 2024 ikafika, kila jema lililoijia Dodoma lilipandisha bei ya ardhi, na aliyekuwa na kiwanja akatajirika amekaa na asiye nacho akazidi kusukumwa nje. Nafurahi mji wangu umekua, nimezaliwa hapa. Lakini mwalimu anayefundisha watoto wa hawa waliohamia, muuguzi, dada wa mama ntilie pale Majengo, sisi tunalala wapi?

Kuna kitu mama alikisema jikoni siku ile ambacho hakijanitoka. Alisema mnaongea wazee wazee, mbona bibi yenu hamumtaji. Bibi mzaa mama ni wa Mvumi, 1971 kwenye Operesheni Dodoma walihamishwa kutoka kwenye tembe lao na mifugo yao wakapelekwa kijijini kuanza upya, akalima uwele na mtama mpaka mgongo ukapinda, hajawahi kuajiriwa, hana mafao, hana hati ya kitu chochote. Na mama mdogo alikuwa na shamba la eka tatu Ihumwa, aliliuza 2012 kwa hela iliyoishia kwenye bati na harusi ya mwanae, leo shamba lile limekuwa viwanja na kiwanja kimoja tu kinauzwa kuliko alivyopewa kwa eka zote tatu. Akipita pale na daladala anageuza uso upande wa pili. Kwa hiyo Mheshimiwa nikisema kizazi cha nyuma kilipata sisemi wote walipata. Alipata yule ambaye mkono wa serikali ulimfikia, kwa kota, kwa kiwanja, kwa mafao, na ambaye haukumfikia aliteseka zamani na anateseka hata sasa. Ndo mana nakuandikia wewe sijamwandikia baba.

Naomba kwanza habari ya kodi ya pango. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti pango ya 1984, ikafutwa 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wamalizane wenyewe, na ukiachiwa umalizane na mtu mwenye ufunguo wa chumba chako matokeo unayajua. Sitaki bei ipangwe na serikali, wenye nyumba nao wengi ni wastaafu kama baba na fremu zake, wanategemea hiyo hiyo. Nataka tu iwe kosa kisheria kumlazimisha mtu kulipa zaidi ya mwezi mmoja au miwili mbele. Mshahara unalipwa kwa mwezi, maji kwa mwezi, kwa nini nyumba iwe kwa nusu mwaka? Kauli za majukwaani kuhusu hili tumezisikia na wenye nyumba nao wamezisikia wakacheka, tunataka kifungu cha sheria na mahali pa kwenda kushtaki ambapo sio lazima upoteze siku nzima ya kazi.

Alafu viwanja. Kila eneo linalopimwa jijini na pembezoni, Nala, Iyumbu, kokote, lipigwe mstari sehemu yake iwe ya watu ambao hawajawahi kumiliki kiwanja, walipe kwa miaka mitano, na marufuku kukiuza kabla hujajenga ili madalali wasije kukifanya biashara. Kile cha milioni sita kwa miezi 60 ni laki moja kwa mwezi. Hiyo kwa tuisheni zangu za jioni naiweza, nimeshaandika mpaka kwenye daftari. Mkopo wa nyumba wa benki nilishauliza, riba inaanzia asilimia 15 kwenda juu na kwa mshahara wangu afisa alinirudishia makaratasi yangu kwa upole tu. Na wale wa Ihumwa na Mtumba waliouza mashamba, wakiwemo watoto wao, wahesabiwe humo humo mana hata wao hawana pa kukanyaga kwenye ardhi ya babu zao.

Na Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lilianzishwa ili mtu wa kipato changu apate pa kukaa. Wanajenga, tunaona, lakini nyingi ni za kuuza. Jengeni na za kupangisha, vyumba viwili tu na jiko, kwa bei ambayo mwalimu anaiweza.

Baba amesoma barua hii kabla sijaituma. Alikaa nayo muda mrefu barazani, miwani puani, alafu akaniuliza hiyo laki tano na arobaini ni kweli, kila miezi sita? Nikamwambia kweli. Akasema nimwandikie Waziri kwamba hata yeye mstaafu anaunga mkono ile ya mwezi mmoja mmoja, na fremu zake ataanza kupangisha hivyo kuanzia mwezi ujao. Nimeandika kama alivyonituma.

Kodi yangu inaisha tarehe 15.

Ni mimi, mwalimu na mpangaji,
Chang'ombe, Dodoma.