Malalamiko kuhusu odomita inayopoteza kilomita na dhamana iliyokataliwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: ODOMITA YA KIELEKTRONIKI YA PIKIPIKI NA KUKATALIWA KWA DHAMANA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nilinunua kwenu spidomita ya kielektroniki yenye odomita (kihesabu kilomita) ndani yake, kwa ajili ya pikipiki niliyoiunda na fundi wangu: fremu ya pikipiki moja, injini ya nyingine, gurudumu la mbele la ya tatu. Nimeambatanisha risiti na kadi ya dhamana, ambayo muda wake haujaisha.

Nikiwa barabarani mita inasoma vizuri, mwendo na kilomita. Nikizima swichi na kuwasha tena, kilomita zinarudi nyuma. Picha mbili nilizoambatanisha ni za kioo kilekile: jioni kabla ya kuzima kinasoma 3,412, asubuhi baada ya kuwasha kinasoma 3,371, na usiku kucha pikipiki ilikuwa imefungwa ndani. Safari nyingine zinapungua chache tu, na mara mojamoja hazipungui kabisa. Nadhani ndiyo maana mhudumu wenu wa kaunta, baada ya kuiwasha mara moja, alinihakikishia kuwa haina kasoro.

Mlipokubali kuipokea, mlinirudishia na karatasi iliyoandikwa "imetengenezwa", kioo kikisoma 0. Huko si kutengeneza, ni kufuta. Ugonjwa ulikuwepo palepale, ila sasa na kumbukumbu ya zamani haipo. Kilomita hizo ndizo zinaniambia lini nimwage oili, lini nikague mnyororo. Na siku nikitaka kuiuza, mnunuzi akiona injini iliyochakaa na kioo kinachosoma kilomita za pikipiki mpya, ataniita tapeli, na sitakuwa na la kumjibu.

Niliporudi kulalamika ndipo ikaja barua yenu: pikipiki haikutoka kiwandani, sensa (kifaa kinachohisi gurudumu likizunguka) na waya "huenda" havikufungwa ipasavyo, kwa hiyo dhamana haihusiki. Kwa heshima zote, sababu hiyo siikubali.

Kwanza, kijitabu chenu kinasema mita hii inafaa pikipiki yoyote yenye umeme wa volti 12, na ndani yake mmeweka menyu ya kuingiza mzunguko wa tairi kwa milimita na idadi ya sumaku zilizofungwa kwenye gurudumu. Menyu hiyo ni ya nani kama si ya mtu mwenye pikipiki ya kuunda? Tairi lenye mzunguko wa milimita 1,900 huzunguka kama mara 526 kwa kilomita moja. Lingine huzunguka zaidi au pungufu. Pikipiki ya kiwandani inakuja na hesabu hiyo ikiwa imeshafanywa. Mmeiuza bidhaa kwa watu kama sisi, halafu mnatunyima dhamana kwa kuwa ni watu kama sisi.

Pili, sensa. Sumaku iliyofungwa kwenye gurudumu ikipita mbele ya sensa, sensa inatuma mpigo mmoja wa umeme, na mita inaihesabu mipigo hiyo kupata mwendo na kilomita kwa pamoja. Sensa ingekuwa mbovu, au waya wake ungekuwa unaokota kelele za umeme za koili ya plagi, mshale wa mwendo nao ungerukaruka. Haurukiruki, unalingana na GPS ya simu. Isitoshe, kilomita zinapotea pikipiki ikiwa imezimwa, wakati hakuna mpigo wowote unaotumwa.

Tatu, waya. Mita yenu ina waya mmoja wa moja kwa moja kutoka kwenye betri na mwingine unaopitia swichi. Fundi alipima yote miwili mbele yangu: ule wa betri haukatiki swichi ikizimwa, na waya wa hasi umekaza kwenye fremu iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kikaonekana. Kisha tukaazima mita ya toleo hilihili kwa mwenzetu, tukaichomeka kwenye soketi ileile bila kugusa kitu kingine. Ikatunza kilomita zake zote. Tukarudisha ya kwangu, ikapoteza. Kwa hiyo kasoro imo ndani ya mita, na kwa maoni ya fundi ni sehemu inayohifadhi hesabu umeme unapokatika. Hatukuifungua; lakiri yenu iko kama mlivyoiacha.

Ninachoomba ni mita mpya ya toleo hilohilo, si hii ikifutwa tena. Muianzishie kwenye kilomita 3,412, ambazo picha inazithibitisha. Kama mita zenu haziruhusu kuandikiwa kilomita, nipeni barua yenye muhuri inayosema mita ilibadilishwa ikiwa na kilomita ngapi na kwa sababu gani, niiweke pamoja na kadi ya pikipiki. Mkishindwa yote mawili, nirudishieni fedha zangu.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Zikipita bila jibu, nitapeleka nakala ya barua hii na viambatanisho vyake kwa mamlaka inayosimamia haki za watumiaji wa bidhaa. Mita nitaileta mwenyewe, na safari hii naomba mhudumu atakayeipokea aandike kwenye fomu namba inayosomeka kwenye kioo kabla sijaondoka.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu

Viambatanisho: risiti, kadi ya dhamana, picha mbili za kioo, karatasi ya "imetengenezwa", nakala ya barua yenu.