Nimeambiwa "dada subiri", halafu naulizwa kwa nini sikusema

Mhariri, salaam. Gazeti lako nalisoma miaka mingi ila kuandika ndo mara yangu ya kwanza, na nimeandika kwasababu hili jambo la wanawake kukatizwa kwenye vikao vya kazi limenikaa kifuani tangu mwezi wa tatu, na kila nikiongea na wanawake wenzangu wa maofisini nakuta na wao wanalo ila wanamezea tu.

Mi ni mkadiriaji majenzi, yaani napiga hesabu za vifaa na gharama za ujenzi, saiti wanatuita QS. Nipo kwenye mradi wa jengo la ghorofa hapa Dodoma na kila Jumatatu asubuhi tunakuwa na kikao cha saiti, tunakaa watu kumi na nne, wanawake tuko wawili. Wiki hiyo tulikuwa tunajiandaa kumwaga zege la slabu, ile sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza. Slabu yenyewe urefu mita 20, upana mita 12, unene sentimita 15, ukizidisha unapata mita za ujazo 36, na kwa mchanganyo wa moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hapo unataka saruji mifuko kama 230 hivi. Stoo tulikuwa na 180. Mtu yeyote wa kazi hii akisikia hizo namba mbili anajua kuna tatizo.

Nikanyoosha mkono nikapewa nafasi, nikaanza "kuhusu saruji ya Alhamisi, stoo kuna..." hapohapo injinia mmoja akaingia na habari ya mirunda. Nikanyamaza akamaliza, nikaanza tena, akaingia mwingine, "dada subiri kidogo tumalize hili kwanza". Nikasubiri. Mara ya tatu sikufika hata kwenye namba, mwenyekiti mwenyewe akasema hayo ya mifuko mtaongea na mtu wa stoo, twende ajenda inayofuata.

Alhamisi mafundi wakaanza kumwaga saa moja asubuhi, saa tisa mchana saruji ikaisha. Na wote tunajua zege halilali. Pikapu ikatumwa mjini kutafuta saruji, imerudi giza linaingia, lile zege la mchana limeshaanza kushika, kwahiyo pale katikati ya slabu pakabaki kiungo, pale zege jipya linapokutana na lililoshika, ambacho hakikuwa kwenye mchoro wowote. Konsaltanti alipokuja akaagiza ukingo wote ugongwe upya na kusafishwa ndo watu waendelee, vibarua wakalipwa siku ya ziada, ratiba ikasogea. Jumatatu iliyofuata kwenye kikao kilekile, kwenye kiti kilekile, nikaulizwa mbele ya watu wote: QS, kwa nini hukusema?

Mhariri, mi nilikosa la kujibu. Nikaomba mihutasari ya kikao kilichopita, hakuna kitu, maana anayeandika anaandika hoja iliyokamilika na ya kwangu haikukamilika. Kwa hiyo kwenye karatasi mi ndo niliyekaa kimya. Hili ndo linaloniuma kuliko hata kukatizwa kwenyewe, kwamba unanyimwa nafasi ya kusema afu lawama ya kutokusema inakuja kwako.

Nimeshapewa ushauri mwingi, jiamini, paza sauti, usiwe mpole sana. Nilipopaza sauti wiki mbili baadae nikaambiwa "mbona leo una hasira". Wenzangu wanaume wakiongea kwa sauti hiyohiyo hakuna anayewauliza kama wana hasira, tena wao wanaitana injinia, injinia, mi naitwa dada, siku nyingine mrembo, na mtu akishakuita mrembo kwenye kikao cha kazi namba zako zinapungua uzito hata kabla hujazitaja.

Na sio suala la elimu au woga. Marekani mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Tonja Jacobi na Dylan Schweers, walichapisha utafiti kuhusu Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile, wakakuta mwaka 2015 karibu asilimia 66 ya kukatizwa kote kwa majaji wakati wa kusikiliza kesi kuliwaangukia wanawake watatu waliokuwepo, kina Ginsburg, Sotomayor na Kagan. Jaji wa ngazi ile utamwambia ajiamini zaidi? Kilichobadilika ni utaratibu. Tangu Oktoba 2021 wakili akimaliza muda wake kila jaji anapewa zamu ya kuuliza kwa mpangilio wa ukongwe, na Jaji Sotomayor mwenyewe alisema hadharani kwamba tafiti za namna hiyo zilichangia.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza. Bungeni kwetu pamoja na makelele yote, mbunge akitaka kumwingilia mwenzake lazima asimame aombe taarifa, Spika akubali, afu anayeongea anaulizwa taarifa hiyo unaipokea au huipokei, baada ya hapo anaendelea na mchango wake. Na kwenye kikoba chetu, wanawake thelathini tunaokaa chini ya mwembe, ukiongea bila ruhusa ya mwenyekiti faini shilingi 1,000 unatoa hapohapo, na katibu haandiki kitu kingine mpaka aliyesimama amalize. Kama wauza mboga na mama lishe wameweza, watu wenye digrii na makofia ya saiti wanashindwaje?

Ndo maana barua hii nawaandikia wenyeviti wa vikao, mabosi, mameneja, wakuu wa idara. Msituite pembeni baada ya kikao kutuambia tuwe tunajitetea. Neno "mwacheni amalize" linatoka kwako wewe uliyeshika ajenda, na linachukua sekunde mbili. Kwetu pale amewahi kulisema mtu mmoja tu, fundi mkuu, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye hata sio mjumbe, aliitwa siku moja kueleza habari ya nondo, akasema "mwacheni QS amalize, anaongea hesabu", na kikao kizima kikatulia. Namshukuru sana yule mzee.

Mi na mwenzangu, yeye ni mpima ardhi, tumekubaliana akikatizwa yeye mi narudisha, "naomba tumsikilize mpima alikuwa hajamaliza", nikikatizwa mi anarudisha yeye. Imesaidia kiasi, ila siku akiwa hayupo narudi kulekule. Siku hizi pia hesabu zangu nazituma kwa emeili jioni kabla ya kikao ili angalau pawe na maandishi.

Jumatatu inayokuja tuna ajenda ya slabu ya ghorofa ya pili, vipimo vilevile. Mifuko 230, na mingine 15 ya akiba. Stoo leo asubuhi nimehesabu mwenyewe iko 195. Emeili imeshaenda, na kikaoni nitanyoosha mkono.

Mkadiriaji majenzi,
Dodoma